Neno ya Madame mu Barua ya Faustin

Pa kona ya avenue yetu, mu Commune Albert, ile munaita leo Kamalondo, kulikuwaka kiti moya murefu ya mbao: miguu tatu ya kweli, na ya ine ni matofali. Kiti ilikuwa yangu, pamoja na birika, mbabula, jiko ya makaa, na bikombe saba, juu ya munane ilianguka yenyewe siku bombe ya kwanza ililia. Tulikuwa mwaka 62, mwezi ya sita, baridi ya asubui inaingia mpaka mu mifupa. Katanga ilikuwa na bendera yake, ba-ONU, askari ya Umoja wa Mataifa, balikuwa na ma-jeep yabo, na sisi tulikuwa na kahawa. Kila siku ya Mungu, Jumapili, kisha misa, banaume bane balikuya kuikala pale. Edouard, karani, tulimuita Virgule, juu hakumalizaka kusema, alipumuzikaka tu, kama koma mu maandiko. Bwalya, tulimuita Londoni, juu alitumikaka miaka tatu mu mine ya shaba ya Luanshya, ku Rhodesia, akarudia na kofia na Kingereza. Kalenga, tulimuita Chui, juu kabila ya mama yake ni ya chui. Na Faustin, mupishi ya bazungu, tulimuita Sufuria. Faustin, kabila yake ni ya mbuzi. Basi kwetu, chui na mbuzi ni banungwe: banatukanana, banaibiana, banachekeana mbele ya bantu, na hapana mwenye anaweza kukasirika. Njo desturi, na ilikuwa mbele ya sisi kuzaliwa.

Ile siku Faustin alifika na mukebe ya biscuits chini ya kwapa, na uso ya muntu mwenye hakulala.

— Chakula yangu! njo Chui anamusalimia. Juu ya nini unakonda bila kuniuliza ruhusa? Nitakula nini mwaka hii?

— Chui ya meno moya, niache leo. Niko na mambo.

— Mbuzi na mambo! Yaya Léonie, mumupe kahawa, nyama isikauke.

Nilimupa, mi Léonie, dada yabo mukubwa. Alifungua ile mukebe, akatosha karatasi moya, akaiweka pa magoti. Tuliinama wote kuiangalia, juu tulijua ni nini. Zamani ile, mupishi bila barua alikuwa kama muntu bila jina. Muzungu akirudia kwabo, anakuachia barua. Muzungu mwengine anaisoma, na wewe unasimama pa mulango, kofia mu mikono, unaangalia macho yake vile inatembea. Tulijuaka habari ya bapishi benye balizungusha barua miaka mbili, mulango kwa mulango, barua ya signature muzuri, na kumbe mu ndani Madame aliandika: huyu anaibaka bijiko. Habakujua kusoma. Balibeba haya yabo bo benyewe, na mikono mbili, na heshima yote.

— Madame wangu, Mungereza, alipanda train ya Ndola mwezi yenye ilipita, Faustin anasema. Aliniachia hii. Kesho saa mbili nitaonekana mbele ya docteur moya wa ba-ONU. Anatafuta mupishi, na anasema Kingereza. Nyuma ya nyumba yake kuko kanyumba, byumba mbili, na robinet ya maji. Nikipata ile kazi, Brigitte anaweza kutoka Kambove na batoto. Tangu Disemba beko kwa mama yake. Ule mudogo ameanza kutembea, mi sijaona.

— Sasa woga ni ya nini? Chui anauliza.

— Londoni, soma. Njo utajua.

Londoni alivua kofia, juu Kingereza hakusomaka na kofia. Alifuata na kidole.

— Anasema: Faustin ni musafi. Muzuri. Anasema: haibake. Muzuri sana. Anasema: mukate yake ni tamu kupita ya boulangerie. Eh, bwana! Na kisha anasema: Faustin iko na... iko na kintu moya mingi kupita bantu yote yenye nilijuaka.

— Mingi ya nini?

— Pale njo pana neno.

— Isome.

— De-si-pi-ence.

— Ni nini?

Londoni alirudisha kofia.

— Hii neno, haikufikaka Luanshya.

— Miaka tatu! Virgule anasema. Miaka tatu ya Kingereza, na neno moya tu tunaomba hakuna!

— Ngoja, ngoja, sikusema siwezi kuijua. Ku mine docteur alitupimaka kifua mbele ya kushuka mu shimo. Mwenye iko na kintu mingi mu kifua, balimurudisha kwabo. Hii ni neno ya docteur. Sufuria, unakohoaka?

— Sikohoake.

— Njo mubaya zaidi. Ile ya kukohoa inatokaka. Yako imeikala.

— Acheni bujinga, Chui anasema. Kintu mingi mu mwili ya mbuzi ni nini? Ni mafuta. Madame aliona mafuta. Alikuwa na macho.

— Hapana, Virgule anasema, na akafunga kravate yake ya shingo muzuri, kama mu bureau ya kazi. Mi najua makaratasi. Mwaka hii, mu karatasi yote muko swali moya tu: huyu muntu iko upande gani? Wa Katanga? Wa ONU? Wa serikali ya Léopoldville? Madame hakuweza kuandika wazi, juu barua inaweza kufunguliwa, alors alitafuta neno ya kufunika. Mwenye iko na desipience, iko pande yote tatu, na...

— Mi niko upande ya mukate! Faustin analalamika.

— Njo vile banasemaka benye beko pande yote tatu.

— Na kama ni grade, cheo? Londoni anauliza. Bangereza banapendaka kutoa grade kwa karatasi. Unaamuka asubui uko Lord, haujue.

— Na kama alitaka kuolewa naye? Chui anasema. Iko na mingi kupita bantu yote yenye nilijuaka! Mi bibi yangu hajaniambiaka vile, na tuko na batoto saba.

Tulicheka mpaka kiti ilitoka ku matofali. Faustin hakucheka. Alikuwa anapapasa ile neno na kidole, pole-pole, kama muntu anapapasa kidonda kuona kama inauma bado.

— Virgule, anasema, ndugu yangu. Monsieur Laurent, moniteur, mwalimu wa Baprotestanti, iko na dictionnaire, kitabu ya maneno ya Kingereza. Ni parcelle mbili tu, nyumba mbili kutoka hapa. Enda, umuulize.

— Mi? Nimetoka kupokea komunyo sasa hivi! Niingie ku Baprotestanti na Yezu mu tumbo?

— Yezu atafurahi kutembea, nilimwambia. Enda, Edouard. Ukirudia, kikombe yako ni bule.

Alienda. Yezu na kahawa, mbili pamoja, zilimushinda nguvu.

Wakati ule, muntu moya alifika na kinga, baiskeli yake, gunia mbili za makala, makaa ya moto, nyuma. Hatukumujua. Yule mwenye aliniletaka makala alirudia Kasomeno kwabo, na huyu njo alikamata nafasi yake. Aliegemesha kinga ku muti ya umeme, akamimina makala pole-pole pembeni ya mbabula, na akasikiliza, bila kuuliza kintu.

Virgule alirudia mbio-mbio, karatasi mu mukono. Kwa uso yake tulijua habari si muzuri.

— Alors?

— Monsieur Laurent anasalimia bote. Anasema tena misa yetu ni murefu...

— Virgule!

— Ni bujinga.

Makala ililia kidogo mu mbabula.

— Bujinga? Faustin anasema.

— Bujinga. Ngoja, mais iko na namna yake. Aliniandikia: si bujinga ya muntu mwenye akili haikuenea. Si buwazimu. Ni bujinga ya bintu ya kidogo-kidogo, ya bule. Muntu mukubwa, mwenye akili yake yote, anaikala anacheza upuzi, na inamupendeza.

— Na banaitumikishaka wapi, hii neno?

— Niliuliza vile! Anasema karibu hapana nafasi. Haisemwake ku soko, haisemwake mu bureau. Iko mu bitabu ya bantu ya zamani, na mu barua ya bantu benye balisoma sana. Anasema Bangereza bengi banakufaka bila kuitumia hata mara moya.

— Tutabasaidia, Londoni anasema, na macho ilianza kuwaka. Chui, toa desipience yako pa kikombe yangu!

— Haiko vile, Virgule anasema.

— Yaya Léonie, leo kahawa iko na desipience kidogo, muongeze sukari.

— Haiko vile!

— Hii kravate yako, baridi yote hii, siku ya Mungu, unafunga mpaka shingo inavimba. Ile njo desipience ao hapana?

Virgule alishika kravate, akaipima na vidole.

— Ile, anasema, inaweza kuwa.

Tulianza tena kucheka. Mais Faustin alikuwa ameingiza mukono mu mufuko, na mukono ilitoka na wembe.

— Basi, aliniona, anasema. Madame aliniona. Mi niliwaza alisahau.

— Alikuona nini?

— Mambo ya Disemba.

— Mambo gani? Wee Sufuria, umekuya na siri pa kiti yetu?

Hakutaka kusema. Chui njo alimukamata bega. Munungwe, akikuuliza, hauwezi kukatala. Na tena Chui, wakati ule, sauti yake ilibadirika kidogo.

— Sema, chakula yangu. Mi sitakula leo.

Basi Faustin alisema, macho chini.

— Disemba, siku bombe zilianza, Bwana alikuwa mbali, ku Kolwezi. Ni mi, na Madame, na mama yake muzee wa Bwana. Tuliingia mu corridor, juu haina dirisha. Siku ine. Madame alitetemeka mpaka meno ilipigana, hakuwa anakula. Muzee njo alifunga macho tu, kama amekwisha kufa. Mi pia niliogopa, musiwaze sikuogopa. Sasa siku ya pili, vyakula viliisha. Kulibaki karoti tatu. Mi nilienda ku cuisine, jikoni, kwa magoti. Nilifika, nikaona koti nyeupe ya kupangia meza, ile ya siku ya bageni. Sijue nini iliniingia. Niliivaa. Nikaweka serviette, kitambaa ya meza, pa mukono. Niliweka sufuria pa kichwa, juu ya bombe. Nikarudia mu corridor na sahani kubwa ya feza, ile na kifuniko. Niliinama. Nikasema: «Madame est servie», ni kusema chakula iko pa meza. Nilifungua kifuniko.

— Mulikuwa nini?

— Kiatu ya Bwana. Na karoti moya juu.

Londoni alianza kukohoa kahawa.

— Bombe ililia palepale. Mi nikasema: «Pardon, Madame, ni mupishi ya jirani, hajue kufunga mulango.» Aliniangalia. Niliwaza: sasa atanifukuza. Na alianza kucheka. Alicheka mpaka alilala chini. Ule muzee alifungua jicho moya, akauliza kama kiatu imeiva. Tangu pale, kila midi, saa sita, niliwapangia. Supu ya bule, sahani bila kintu. Nyama ya bule. Niliuliza: Madame anapenda mvinyo ya bule nyekundu ao nyeupe? Anasema: nyekundu. Mpaka siku ya ine. Na bo balikula zile karoti bila kujua banakula.

Aliinua ule wembe.

— Mi, baba ya batoto tatu. Na sufuria pa kichwa. Na amekwisha kuandika mu barua, na kesho docteur atasoma: huyu ni mujinga kupita bantu yote. Nitakwangua hii neno.

— Ukikwangua, patabaki tundu, Virgule anasema. Docteur ataona tundu, atawaza: pale paliandikwa mwizi.

— Kweli, Londoni anasema. Umwangie kahawa. Kahawa ni ajali. Muzungu anajuaka ajali.

— Yaya Léonie, Faustin anasema, kikombe moya.

Nilitikisa birika. Kulibaki kikombe moya, ya mwisho kabisa. Nilimupa, na mukono yangu haikupenda. Aliishika juu ya barua. Moshi ilikuwa inapanda mu uso yake.

Chui alisimama.

— Ngoja! Mbele ya kumwanga. Mi niko na maneno na huyu mbuzi. Faustin, pa kilio ya mama yangu, nani alilala mu jeneza?

— Ni mi.

— Nani alilia kupita sisi benye kufiwa, anajigalagaza, anasema namudai muzee kuku?

— Ni mi. Njo kazi yangu, niko munungwe yako.

— Na nilicheka ao sikucheka?

— Ulicheka.

— Nilicheka! Siku tatu sikuweza kumeza hata mate, na nilicheka, na kisha nililia muzuri, na kisha nilikula bukari, ugali yetu. Bila wewe hatungeweza kumuzika mama. Sasa naona ulienda kutumikisha bunungwe yetu ku bazungu! Mu corridor! Bila kunijulisha! Bo ni chui? Banakulaka mbuzi?

— Si vile, Virgule anasema. Bazungu habana kabila za kucheka. Habana banungwe. Mi nimesoma...

— Habana?

— Habana. Hata moya.

Ule muntu ya makala alikuwa anafunga gunia zake tupu ku kinga. Aligeuka. Mikono nyeusi mpaka ku kiwiko, na sauti pole, kama muntu anauliza njia.

— Munisamehe, bandugu. Kama habana banungwe, nani anabachekeshaka siku ya kilio?

Chui aliketi pole-pole.

— Ku Luanshya... Londoni anaanza. Na akaacha.

— Pengine padri, Virgule anasema.

— Padri wako amekwisha kukuchekesha? Chui anauliza.

— Hapana.

— Pengine kila muntu anajichekesha yeye mwenyewe, Londoni anasema. Mu chumba yake. Na mulango imefungwa.

Tuliwaza ile: muntu peke yake mu chumba, mama yake amekufa, na hapana hata mbuzi moya ya kumuibia kuku. Baridi ilitushika upya. Mi nilikaa na ile swali miaka yangu yote, na nimezika bantu bengi, na sijamupata mwenye anaijibu.

Faustin alikuwa angali na kikombe juu ya barua. Aliangalia ile neno. Aliiangalia sana, kama sura ya muntu mwenye ulikutana naye mara moya tu na haukumusalimia.

— Alicheka mpaka alilala chini, anasema. Peke yake, hakuwa na munungwe, ni mi tu.

Akaondosha kikombe pale, akaipeleka ku mudomo, akakunywa kahawa yote. Barua alikunja, akairudisha mu mukebe, akafunga. Wembe alimupa Londoni.

— Shika. Ndevu zako ziko na desipience.

— Pale! Virgule anapiga makofi. Pale njo nafasi yake ya kweli!

— Na mi? Londoni anasema. Ile kikombe ya mwisho ilikuwa yangu. Na Virgule, na ile ya bule yenye mulimuahidi, Yaya!

— Kahawa imekwisha, nilibaambia. Muende kwenu.

Faustin alisimama. Alinitosha birika mu mukono, na adabu. Aliweka kitambaa changu pa mukono yake, na mugongo yake ilinyooka, na ile uso ya muntu mwenye hakulala ilienda sijue wapi. Alipita mbele ya kiti, akamimina kila muntu kikombe yake: hapana kintu, mpaka juu kabisa, bila kumwanga hata tone.

— Monsieur Edouard, pole-pole, iko moto. Monsieur ya Londoni, na maziwa ao bila?

— Bila, Londoni anasema, na alipuliza.

Chui alionja. Akakunja uso.

— Sukari imezidi, anasema. Mbuzi hajuake kupima.

Ule muntu ya makala alishika kikombe na mikono yake miwili nyeusi, aliiangalia mu ndani, aliangalia sisi wote, moya-moya. Kisha aliipandisha mara moya, na akaruka:

— Ayi! Ulimi yangu!

Njo vile alikuwa wetu. Balikunywa ile kahawa mpaka kengele ya misa ya pili, na mi nilibaongezea kila mara, na hapana mwenye alienda kwabo.

Kesho yake, midi, nilikuwa napepea moto, nikasikia jeep ya ba-ONU. Mu Disemba tungelala chini; ile siku nilisimama tu, na upepeo mu mukono. Mbele kulikuwa askari moya na docteur, muntu mukubwa ya mustashi, na machozi ya kucheka ilikuwa bado mu macho yake, anaipanguza na mugongo ya mukono. Nyuma, kati ya magunia ya bunga, Faustin aliketi na koti nyeupe, mugongo murefu kama gouverneur. Pa kichwa, sufuria. Jeep ilifika mbele ya kiti yetu, Faustin akashika ile sufuria na vidole mbili, akaivua, kama bwana mukubwa anavua kofia kwa madame, na akaita na sauti ya kushinda moteur ya jeep:

— Yaya Léonie! Mutume muntu Kambove! Brigitte akuye!